Sura ya Tano: Kwani Historia Haijaisha Kuandikwa?

Karibu kila ukoo wenye kijana anayesoma historia chuo kikuu una mjomba anayeuliza swali hili. Shahada ya kwanza huwa hana neno nayo, maana walimu wa sekondari wanahitajika. Akisikia kijana anarudi kusoma ya pili, anakunja uso kidogo. Akiambiwa kuna ya tatu, ya miaka minne mingine au zaidi, hapo uvumilivu unamwisha: "Sasa mjomba, huko unatafuta nini? Majimaji si iliisha 1907? Na vitabu si vimejaa?"

Swali ni halali, na wanaolijibu kwa kusema elimu haina mwisho wanamkwepa tu mzee wa watu. Katika sura hii tutalijibu kwa kuchukua vita hivyohivyo alivyovitaja na kuvifuata kutoka darasa la kidato cha sita hadi kwenye chumba anapotahiniwa mtu wa udaktari. Tutakaa zaidi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa idara yake ya historia na utafiti wa Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani vimekua pamoja tangu miaka ya 1960.

Hoja sita na madesa

Mwanafunzi wa tahasusi ya HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) anaingia chuoni akiwa na Majimaji yenye hoja zinazohesabika: sababu sita za kutokea, sababu sita za kushindwa, athari sita. Kodi. Pamba ya lazima. Ukatili wa maakida. Dawa ya maji iliyowaunganisha watu wa makabila mengi. Amezipata kwenye madesa, vile vitini vinavyotolewa kopi na kupokezanwa bweni kwa bweni, akazikariri, akafaulu.

Sioni sababu ya kumcheka. Asiyejua kwamba vita vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi kwa kung'oa pamba, au kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti, vita vikiwa ndiyo kwanza vinashika moto, hana pa kuanzia mazungumzo yoyote ya maana. Kukariri kuna kazi yake.

Tatizo la madesa ni kwamba hoja zake hazina mwenyewe. Haijulikani nani wa kwanza alisema sababu ni pamba, alijuaje, na nani alimbishia. Mwanafunzi anakua akidhani historia ilijiandika. Chuo kikuu, kikifanya kazi yake sawasawa, kinaanza kwa kumwonesha kwamba kila hoja aliyoikariri ilitoka kinywani au kwenye kalamu ya mtu, na mtu huyo alikuwa na mahali aliposimama.

Shahada ya kwanza: vitabu vinavyobishana

Tanzania shahada ya kwanza ya historia huchukua miaka mitatu. Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, imekuwa minne. Mwanafunzi husoma kozi za historia ya Afrika, ya Tanzania au Kenya, ya uchumi, ya dunia, na kozi moja au mbili za mbinu za utafiti. Kuna mhadhara, ambao mamia husikiliza, na kuna semina, ambamo kikundi kidogo hujadili walichosoma. Mhadhara unaweza kuupata kwa mwenzako aliyeandika vizuri, lakini semina ukiikosa imekupita, maana humo ndimo vitabu vinapoanza kubishana mbele ya macho yako.

Mabishano ya Majimaji yalianza mapema. Gavana aliyeendesha vita hivyo kwa upande wa Wajerumani, Graf von Götzen, alitoa kitabu chake mwaka 1909. Ni kitabu cha mtu mwenye jambo la kutetea: utawala wake ulishambuliwa, na Berlin ilitaka kujua kwa nini. Kwa maofisa kama yeye ilikuwa nafuu kusema kwamba waganga na machifu waliwadanganya watu kwa ushirikina kuliko kusema kwamba watu walichoshwa na pamba ya serikali.

Ruka hadi Desemba 1956. Julius Nyerere anazungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mjini New York, anaitaja Majimaji kama ushahidi kwamba watu wa nchi hii hawakuwahi kukubali kutawaliwa. Miaka michache baadaye nchi iko huru, chuo kimefunguliwa, na idara ya historia inaongozwa na Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia kwa siasa zake. Baada yake akashika Isaria Kimambo. Kina John Iliffe na Gilbert Gwassa wakaandika Majimaji kama vuguvugu la umma lililovuka mipaka ya kabila. Mwaka 1969 Kimambo na Arnold Temu wakahariri historia ya Tanzania iliyobeba mtazamo huo hadi kwenye shule za sekondari. Nusu ya yale madesa ya bwenini yametoka huko, na wanaoyakariri hawajui.

Haukupita muda mrefu wakaja wa kuwabishia. Miaka ya 1970, Walter Rodney akiwa mwalimu chuoni hapohapo, vijana wa mrengo wa kushoto waliwalaumu wakubwa wao kwa kusifia mashujaa na kusahau wakulima na vibarua. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri aliandika kuhusu Uzaramo na kuuliza jambo ambalo halikuwamo kabisa kwenye hoja sita: wanaume walipopelekwa kazi za mashamba makubwa na barabara, nani aliyebaki kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori? Wanawake. Njaa ikaingia nyumbani kabla ya vita. Mwaka uliofuata Jamie Monson aliandika kuhusu Nyanda za Juu Kusini na kuonesha kwamba huko watu waliingia vitani au walikaa pembeni kwa sababu za uhasama na urafiki wa zamani baina yao, wengine wakiwa upande wa Wajerumani. Mwaka 2010 Monson na James Giblin wakahariri kitabu kizima kinachouliza kama tunapaswa kusema vita vimoja au vita vingi vilivyopewa jina moja.

Mfuatano huu wa nani aliandika nini, lini na kwa nini unaitwa historiografia, yaani historia ya uandishi wa historia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiugundua huwa anachanganyikiwa. "Sasa mwalimu, kwenye mtihani tuandike jibu gani?" Atapewa alama kwa kuonesha kwamba anaelewa kwa nini majibu yanatofautiana, kisha achague moja na kulitetea. Wengi hapo ndipo wanaposema historia ya chuo ni ngumu, na si kwamba mambo ya kukariri yameongezeka.

Hata idadi ya waliokufa ina wenyewe. Serikali ya Ujerumani ilitoa hesabu ya watu 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Pengo hilo linatokana na unachokihesabu: waliouawa kwa risasi ni sehemu ndogo, kwa sababu jeshi lilichoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliendelea kuua baada ya bunduki kunyamaza.

Kwa ufupi: kidato cha sita kinakupa majibu. Shahada ya kwanza inakuonesha wenye majibu hayo na kukufundisha kuwapima. Bado hujatafuta jambo lolote jipya mwenyewe.

Chanzo ni nini, na kwa nini hakiaminiwi moja kwa moja

Kabla ya kupanda ngazi inayofuata tueleze neno moja ambalo wanahistoria hulitumia kutwa mara mia. Chanzo cha awali ni kitu kilichotoka wakati wenyewe au kwa mtu aliyekuwapo: barua, jalada la serikali, daftari la misheni, kaburi, simulizi ya mzee. Chanzo cha pili ni kitabu au makala ya mtu aliyevitumia vitu hivyo baadaye.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye shauri la mpaka wa shamba anajua jinsi vyanzo vinavyofanya kazi. Huyu analeta karatasi yenye muhuri wa ofisi ya kijiji. Yule analeta bibi wa miaka themanini anayekumbuka mnyaa uliopandwa na baba mkwe wake. Wa tatu anaonesha mnyaa wenyewe. Karatasi ina muhuri, lakini nani alikuwa mwenyekiti mwaka huo, na alikuwa ndugu wa nani? Bibi hana sababu ya kusema uongo, ila ameisikia habari hiyo ikisimuliwa mara nyingi hata hajui tena alichokiona na alichoambiwa. Na mnyaa unaweza kuhamishwa usiku. Wazee wenye busara husikiliza vyote vitatu, wakauliza kila kimoja kinamnufaisha nani.

Kwa Majimaji vyanzo ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna majalada ya Kijerumani. Kuna kumbukumbu za wamisionari, ambao walipoteza watu wao: Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa na wapiganaji njiani, Agosti 1905. Kuna utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi kuhusu vita hivyo, uliochapishwa mwaka 1957, unaoyatazama mambo kwa macho ya mtu wa pwani. Na kuna kazi ambayo kila mwanafunzi wa historia Afrika Mashariki angefaa kuijua: mwaka 1968 idara ya historia ya Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake kusini, wakakaa na wazee na kuandika simulizi zao. Waliokuwa watoto mwaka 1905 walikuwa bado hai. Mkusanyo ulitolewa na idara mwaka 1969.

Lakini tusiukubali bila kuuliza. Mzee wa Umatumbi mwaka 1968 alikuwa akizungumza na kijana wa chuo kikuu cha nchi huru, miaka saba baada ya uhuru, akiwa ameshasikia mikutano mingi ya chama cha TANU ikisema Majimaji ni mwanzo wa umoja wa taifa. Alichokumbuka kilipita kwenye masikio hayo. Hilo halifanyi simulizi yake kuwa ya uongo. Linamaanisha kwamba inatufundisha mwaka 1905 na mwaka 1968 kwa pamoja, na kazi ya msomaji ni kuitenganisha miaka hiyo.

Uzamili: mara ya kwanza peke yako

Shahada ya pili, yaani uzamili, huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kwenye karatasi. Nusu ya kwanza ni kozi. Nusu ya pili ni tasnifu, andiko refu la utafiti wako mwenyewe chini ya msimamizi, mhadhiri aliyepewa kazi ya kukusoma na kukurekebisha. Kabla ya tasnifu kuna pendekezo la utafiti: kurasa chache zinazosema unauliza nini, nani ameshauliza, na utapata wapi ushahidi.

Hapa watu hukwama. Kila ofisi mjini ina mtu mwenye kozi zote mkononi ambaye "amebakiza tasnifu" kwa miaka. Si uvivu. Tangu darasa la kwanza hajawahi kuulizwa swali lake ni lipi, halafu ghafla anaulizwa. Anakuja na mada kama "Athari za ukoloni Tanzania", ambayo hata kabati zima la vitabu lisingeitosha. Msimamizi anamrudisha, anakuja na "Athari za Majimaji", anarudishwa tena. Siku akija na swali la njaa iliyofuata vita katika wilaya moja, nani aliuza chakula, nani aliweka watoto rehani, nani alihama, hapo ameanza kuwa mtafiti.

Mada ya uzamili ninaipima kwa maswali manne, na sijawahi kuona sababu ya kuongeza la tano:

- Eneo na miaka yake vinatajika bila kusita?
- Ushahidi wake upo mahali unapoweza kufika kwa nauli uliyonayo?
- Unaisoma lugha ya ushahidi huo?
- Mtu akikujibu "hapana, haikuwa hivyo", utakuwa na cha kumwonesha?

Uzamivu: unapokuwa unajua kuliko msimamizi

Uzamivu, au udaktari wa falsafa, unadai jambo moja ambalo ngazi za chini hazikudai: mchango mpya. Dunia iwe inajua kitu kimoja zaidi kwa sababu yako. Mwongozo wa chuo utasema miaka mitatu au minne, na wengi huzidisha.

Ukubwa wa dai hilo unaonekana kwa watu waliotangulia. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, alisema hadharani kwamba Afrika kabla ya Wazungu haina historia ya kufundisha. Wakati huohuo Bethwell Ogot wa Kenya alikuwa ameshaanza kukusanya mapokeo ya Wajaluo kwa ajili ya udaktari wake Chuo Kikuu cha London, na kazi hiyo ikatoka kama kitabu mwaka 1967. Kimambo alifanya hivyo kwa Wapare, akaurudisha utawala wao nyuma hadi karne ya 16. Mbelgiji Jan Vansina alikuwa ameshatoa mwaka 1961 kitabu kinachoeleza namna ya kupima mapokeo ya mdomo kwa ukali uleule unaotumika kupima maandishi. Trevor-Roper alijibiwa na tasnifu zaidi ya hotuba.

Siku za mtu wa uzamivu hazina fahari hiyo. Kwanza kibali cha utafiti: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina utaratibu wake. Kisha barua ya mkoa, ya wilaya, ya kijiji. Kisha Nyaraka za Taifa. Huko huingii kati ya rafu ukachagua kitabu. Unatafuta namba ya jalada kwenye orodha, unajaza fomu, unasubiri, unaletewa, unanukuu. Jalada lenye jina zuri linaweza kuwa na risiti za mafuta ya taa tu. Lenye jina la "Mifugo" likawa na barua ya akida inayolalamika kwamba watu wa bonde fulani wamekataa kuja barazani, na hiyo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta.

Anayechagua Majimaji ana mzigo zaidi. Majalada ya Kijerumani yako Dar es Salaam na mengine yako Berlin, na mengi yameandikwa kwa mkono kwa hati ya zamani ambayo Mjerumani wa leo aliyesoma vizuri haiwezi bila kufundishwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza swali lolote la historia unajifunza lugha, kisha unajifunza mwandiko. Wanaokimbia mzigo huo hurudi kuandika kwa kutumia vitabu vya wengine, na kazi yao inaonekana.

Sehemu ngumu zaidi ni ukimya. Majalada hayasemi wanawake walifikiri nini mwaka 1905, kwa kuwa hakuna ofisa aliyewauliza. Swali la Sunseri lilimlazimu kusoma karatasi zilizoandikwa kuhusu misitu, vibarua na mavuno na kutafuta ndani yake watu ambao mwandishi hakuwakusudia. Ustadi huo haufundishwi kwenye mhadhara. Unakuja baada ya miezi ya kusoma barua za ofisa yuleyule hadi unajua siku gani anaficha kitu.

Mwishoni kuna utetezi: unakaa mbele ya watahini wa ndani na wa nje ya chuo, wanakuuliza. Kufikia hapo wewe ndiye unayelijua jambo lako kuliko wote chumbani, msimamizi akiwamo, na usipokuwa hivyo kuna hitilafu. Karibu kila mtu hutoka na orodha ya masahihisho.

Lugha ya kabatini

Hapa nitatoa lawama, na si kwa chuo kimoja. Simulizi hukusanywa kwa Kimatumbi, Kingoni, Kiswahili. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, inajalidiwa, inawekwa maktaba. Mjukuu wa mzee aliyehojiwa hawezi kuisoma. Serikali ya Tanzania sasa imeingiza shuleni somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na waandishi wa vitabu vyake wamelazimika kutafsiri walichokuta. Idara za Kiswahili zinapokea tasnifu za Kiswahili hadi uzamivu; sijasikia hoja ya kunitosha kwa nini za historia zisifuate, zikiwa na muhtasari mzuri wa Kiingereza kwa ajili ya wageni.

Nani asome mpaka wapi

Tuseme ukweli wa mfukoni. Shahada ya kwanza ina mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa wenye sifa, na bumu, yaani posho ya kujikimu, linakusogeza. Ikiunganishwa na ualimu inafungua darasa. Bila ualimu wahitimu huingia kwenye habari, utawala, makumbusho, utalii, mashirika, wakishindana na kila mtu. Uzamili unalipwa zaidi na familia au mwajiri. Uzamivu unafaa kusomwa kwa ufadhili au kwa ruhusa ya kazi yenye mshahara, kwa sababu ajira yake hasa ni moja: kufundisha na kutafiti chuoni, ambako bila udaktari mtu hubaki mhadhiri msaidizi. Nafasi hizo ni chache kuliko wanaozitaka.

Kama unaipenda historia kwa masimulizi yake, shahada ya kwanza inakutosha, na vitabu vingine utavisoma nyumbani bila ada. Uzamili ni wa mwalimu anayetaka kufundisha kwa kujiamini, au wa anayetaka kujua kama kazi ya utafiti anaiweza. Uzamivu usiuombe mpaka swali lako liandikike kwa sentensi moja, na uwe umeshakaa walau wiki moja Nyaraka za Taifa kuhakikisha kwamba majalada yake yapo.